Plasta za silikoni na sindano za kovu: nimetumia usoni miezi 14 hapa Kampala

Habari zenu wapendwa. Hii nimeichelewesha sana. Nauza vitenge kwenye akedi moja (jengo la maduka mengi) mjini hapa Kampala, na wateja wangu wengi ni wamama wa Bunia, wa Juba, wa Arua, wengine wanatokea Mutukula, na mwaka huu wote kila anaekuja ananiangalia shavu kwanza ndo aangalie kitenge, dada ile kovu yako imeenda wapi, ulipaka nini? Mi nikianza kueleza huku napima yadi siwezi kufika mwisho, anaondoka na nusu ya habari, na nusu ya habari kwenye mambo ya uso ni hatari, mimi mwenyewe niliumia kwa sababu hiyohiyo. Kwahiyo leo Jumapili nimekaa nyumbani Kibuli naandika yote.

Nilichotumia ni sindano za triamsinoloni zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe, plasta za silikoni, na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, kila siku iendayo kwa Mungu. Natoa nyota 4 kati ya 5. Kovu limelala, haliwashi tena, haliumi nikilalia upande ule, ila halijafutika, bado kuna mstari. Daktari aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba kovu halifutiki, linatulizwa, na nashukuru aliniambia mapema kabla sijatoa ata shilingi.

Sasa lilianzaje. Machi 2023 nimepanda boda kutoka Nsambya narudi nyumbani, mvua imetoka kunyesha, boda ikateleza kwenye kona, taya yangu ikapiga ukingo wa mtaro. Nilishonwa nyuzi 6 kwenye kliniki ndogo ya mtaani, na yule kijana aliyenishona alishona vizuri sana, namuombea heri mpaka leo. Kufika mwezi wa 11 lilikuwa limebaki mstari mwembamba mweusi, urefu wa kidole cha mwisho, unaanzia chini ya sikio unashuka na taya. Umelala. Hauwashi. Ukipitisha kidole huusikii. Nataka mkumbuke hapo, lilikuwa na miezi 8 tu.

Desemba ile mdogo wangu alikuwa na kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi nyumbani kwa bibi harusi. Mnajua kwanjula ilivyo, wageni, wapiga picha, gomesi mpya, na sisi ndugu wa bibi harusi ndo tunaokaa mbele. Ssenga wangu, dada yake baba, akaniita pembeni akasema mwanangu, hilo kovu si ukalitoe kabla ya siku ile, siku hizi wanatoa. Alisema kwa mapenzi, simlaumu. Rafiki mmoja akanielekeza spa moja mjini, jina silitaji, pazuri kweli, viti vyeupe, taa, harufu nzuri, na ukutani wamebandika picha za kabla na baada.

Nililipa shilingi 350,000 za Uganda. Swali pekee nililoulizwa ni nalipa taslimu au kwa simu. Hakuna aliyeuliza kovu lina umri gani, hakuna aliyeuliza naugua nini, napaka nini, kwetu kuna mtu mwenye makovu ya kuvimba. Yule binti akanilaza, akanipangusa, akapitisha ile kalamu ya sindano ndogondogo juu ya kovu na pembeni yake mpaka damu ikatoka vitone vitone, alafu palepale, juu ya ngozi iliyotobolewa, akapaka asidi kutoka kwenye kichupa kisicho na lebo. Nikasikia moto. Nikamwambia inaunguza, akasema vumilia nnyabo, hapo ndo inafanya kazi. Akanishikia kioo, nikaona sehemu ile imekuwa nyeupe kama chaki, akasema ni dalili nzuri.

Nimekuja kuelezwa baadae ule weupe ni nini. Kuna asidi inaitwa TCA, ikiingia kwenye ngozi inagandisha protini, kama yai linavyobadilika likiwekwa kwenye moto, ndo ngozi inakuwa nyeupe, na ikishafika hapo ata umwage maji ndoo nzima hairudi nyuma. Madaktari wanaitumia kweli, lakini wanapima nguvu yake, na kwa ngozi nyeusi wanaiogopa maana inaweza kuacha weusi mkubwa zaidi au kovu jipya, sembuse kuipaka juu ya ngozi yenye matundu mabichi. Zile sindano ndogo nazo zina kazi yake, zinasaidia makovu ya chunusi yaliyozama. Langu halikuwa limezama wala halikuwa limevimba, lilikuwa mstari tu.

Siku ya 3 kikaota kigaga kinene, siku ya 5 usaha. Siku ya kwanjula nilivuta hijabu mbele mpaka karibu na mdomo, nikapakwa fauntesheni nzito juu ya kidonda ambacho hakijafunga, na picha zote za siku ile nimegeuza uso upande mmoja. Mdogo wangu amezitundika sebuleni kwake. Nikienda kumtembelea nakaa kiti ambacho sizioni.

Kidonda kilifunga Januari ila hakikutulia. Kila wiki kinanyanyuka, kigumu, cheusi kinang'aa, na usiku kinawasha mpaka nimeamka mara mbili tatu najikuna. Februari kilikuwa kinene kama penseli na kirefu kuliko ule mstari wa mwanzo. Nikarudi spa, wakaniambia inabidi nifanye mara 3 zaidi na wananipunguzia bei. Nikaondoka.

Hapo ningeenda hospitali lakini sikwenda, nilikuwa naona aibu, na pesa imeshatoka. Nikaanza kusikiliza kila mtu. Nikapaka ndimu, nikaungua. Nikapaka moo yaa, yale mafuta ya shea ya kaskazini, ya Gulu na Lira, na hayo nayasifu kwa ngozi kavu, yanalainisha vizuri na muwasho ulipungua kidogo, ila uvimbe haukushuka ata kidogo. Alafu nikanunua krimu ya kopo kwa muuzaji wa kwenye ngazi za akedi, akasema inaondoa kila alama. Wiki 3 uso pembeni ya kovu ukawa mweupe, mwembamba, vimishipa vinaonekana, na kovu lenyewe liko palepale jeusi. Nikawa na rangi 3 shavu moja. UNBS, shirika la viwango la Uganda, wanakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), lakini nyingi zinazouzwa mikononi zinachanganywa pia na steroidi kali kama klobetasoli, ambayo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na hiyo ukipaka usoni kila siku inachubua unene wa ngozi.

Aliyenitoa hapo ni mama. Mama yangu ni mtu wa Tanga, tunaongea kwa simu kila Ijumaa, siku moja akapiga ya video bila kunipa taarifa akaniona. Akanyamaza. Alafu akasema mwanangu, hilo ni kama la sikio langu. Akavuta mtandio akanionyesha ndewe ya sikio, lile donge lake ambalo nimeliona tangu mtoto, lilimtoka alipotobolewa sikio akiwa msichana, mi nimekua nikijua sikio la mama ndo lilivyo tu. Akasema nenda kwa daktari wa ngozi, si kwa wapaka mafuta. Nilikwenda wiki ileile, Mei 2024.

Jina la kliniki siandiki wala la daktari, hakutaka. Ila ntawaambia namna alivyonipokea, maana kwangu mimi hiyo ndo sehemu kubwa ya hizi nyota 4.

Ni Mganda lakini ngozi kaisomea Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachofundisha watu kutoka nchi nyingi za Afrika, kwahiyo Kiswahili anakijua vizuri na tuliongea Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza maswali karibu nusu saa kabla hajagusa uso wangu. Kovu lilipatikana lini, nilishonwa na nini, lilikaaje kabla ya spa, kichupa kilikuwa na rangi gani, ngozi ilibadilika vipi, napaka nini sasa hivi na nilete kopo, nimewahi kumeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini, nina mimba, nanyonyesha, sukari, presha, na kwetu nani ana kovu lililovimba. Nilipotaja sikio la mama akaandika, akapigia mstari.

Alafu akaligusa. Akalibana kwa vidole viwili, akalipima kwa rula ndogo, akapiga picha. Akasema kuna kovu lililonenepa, hilo linavimba lakini linabaki ndani ya mipaka ya jeraha, na kuna keloidi, hiyo inatoka nje ya mipaka inaingia kwenye ngozi nzima isiyo na kosa. Akaniambia jina keloidi linatokana na neno la Kigiriki la gando la kaa, kwa jinsi linavyonyoosha makucha pembeni. Mtoto wa mtu wa Tanga nikaelewa moja kwa moja. Langu sehemu kubwa lilikuwa kovu nene tu, ila ncha ya juu karibu na sikio ilikuwa imeanza kutoka nje ya mstari. Taya, ndewe za masikio, kifua, mabega, hizo ni sehemu ambazo keloidi inapenda, na sisi watu weusi inatupata zaidi kuliko weupe, na inatembea kwenye familia.

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linaninyima usingizi. Dokta, kama nisingeenda spa ingekuwaje? Hakuzunguka. Akasema kovu linachukua mwaka mzima, mwaka na nusu, mara nyingine ata miaka miwili kukomaa, linaendelea kubadilika lenyewe kwa ndani, lako lilikuwa na miezi 8 na lilikuwa linakwenda vizuri, lingeendelea kufifia. Nililia pale ofisini. Akaniachia nimalize, akanipa tishu, akasema haya tuendelee na lililopo.

Na siku ile hakunifanyia kitu. Nilikuwa nimebeba pesa, nimejiandaa, nikamwomba anichome sindano leoleo. Akakataa. Akasema ngozi pembeni imechoka na steroidi za kopo, nikiongeza sindano leo naweza kukuachia shimo. Acha kila kitu, osha uso kwa sabuni laini, paka vaselini tu, vaa sanskrini, rudi baada ya wiki 4. Nikalipa 70,000 ya kumuona nikatoka na karatasi. Njiani nilikuwa na hasira kidogo, nimezoea ukilipa unafanyiwa. Saa hii ukiniuliza nini kilinifanya nimuamini daktari yule, ni siku ile aliyonirudisha nyumbani mikono mitupu.

Haya, sindano. Dawa ni triamsinoloni, ni steroidi ila haipakwi, inapelekwa ndani ya kovu kwa sindano nyembamba, inapunguza utengenezaji wa zile nyuzi za kolajeni, protini inayojenga kovu, zinazojaa kupita kiasi. Usoni alianza na nguvu ndogo, miligramu 10 kwa mililita, alisema kwenye keloidi ngumu za kifua wanafika ata 40. Inauma. Sio ile kuchomwa, ni pale anapobana dawa iingie kwenye kovu gumu, inakataa, unasikia shinikizo mpaka kwenye jino. Ila ni dakika 2, 3. Kuanzia ya pili alinipaka krimu ya ganzi nusu saa kabla, ikawa afadhali. Na utashangaa, kadri kovu linavyolainika ndo sindano inavyoingia kirahisi, ya nne niliisikia kidogo sana. Nilichomwa 5, kila baada ya wiki 4, isipokuwa ya mwisho tulisubiri wiki 8, sababu inakuja.

Muwasho uliisha baada ya sindano ya kwanza. Ya KWANZA. Miezi 4 ya kuamka usiku najikuna ikaisha ndani ya siku 6, nililala usingizi mpaka nikachelewa kufungua duka. Uvimbe ulianza kushuka baada ya ya pili.

Sasa ubaya, maana huu hauelezwi. Baada ya sindano ya 4 katikati ya kovu pakatokea kidoa cheupe na ngozi ikazama kidogo, kama alama ya kidole kwenye ugali. Daktari alikuwa ameshaniambia inaweza kutokea ndo maana hakuniacha nishtuke, akasimamisha sindano, tukasubiri. Rangi imerudi taratibu, mpaka leo kama robo tatu, bado ukinikaribia kwenye jua unaona. Kitu kingine, mwezi nilipochomwa sindano ya pili hedhi yangu ilivurugika, ilikuja mara mbili. Niliogopa, nikampigia, akasema hii dawa inaweza kufanya hivo kwa baadhi ya wanawake na itakaa sawa, na ikakaa sawa. Wadada muulizeni daktari mapema hilo msije mkadhani mmepata ugonjwa mwingine. Nyota niliyoitoa ni ya hicho kidoa.

Plasta za silikoni nilianza wiki moja baada ya sindano ya kwanza. Ni karatasi laini kama mpira, upande mmoja unanata, zilianza kutumika kwa makovu ya moto miaka ya 1980 huko. Haina dawa ndani, watu wengi hawaamini. Inafunika kovu, inazuia maji yasikauke kwenye ngozi, na ngozi ikikaa na unyevu wake inapunguza kutengeneza nyuzi za ziada. Ndo kazi yote. Kwahiyo faida yake inategemea saa unazovaa, daktari alitaka saa 12 kwa siku na kupita, kwa miezi 3 angalau. Mi nimevaa miezi 9.

Na hapa ndo pana kazi. Karatasi moja nilinunua 75,000 kwenye famasi, ukiiona bei unaumia roho, lakini unaikata. Kata kwa mkasi safi, ipite kovu kidogo kila upande, na pembe zizungushe ziwe duara, ukiacha pembe kali zinanyanyuka usiku zinakamata kwenye mto. Kila asubuhi unaibandua, unaosha uso NA unaosha plasta kwa maji na sabuni laini isiyo na mafuta, unaiacha ikauke yenyewe, usiifute na taulo maana inashika nyuzi, alafu unairudisha. Kipande kimoja nilikuwa nakaa nacho wiki 2 mpaka kinaacha kunata. Karatasi moja ikanipa vipande vya kutosha miezi 2 na kitu, nimemaliza 4 kwa jumla.

Tatizo la taya ni kwamba inatembea. Ukila, ukiongea, ukicheka, plasta inabanduka, na mimi kazi yangu ni kuongea kutwa nzima na wateja. Alafu joto. Dukani kwetu hakuna feni, mwezi wa Februari nilitoka vipele vidogovidogo chini ya plasta, jasho limekwama. Daktari akanigawia, usiku plasta, mchana jeli ya silikoni ya kwenye tyubu. Jeli unapaka nyembamba sana, kiasi cha punje ya mchele, unasubiri dakika 4, 5 ikauke kabisa, ndo unapaka sanskrini juu. Ukiharakisha inajikunja inatoka vipande kama kifutio cha shule. Kwa mtu wa mjini anaetembea na kuuza, jeli ndo mkombozi, plasta iwe ya usiku.

Na kama hamna ela ya silikoni, nilimuuliza hilo kwa ajili ya wateja wangu, akasema kwenye kidonda kipya kilichokwisha funga kabisa, ile plasta ya karatasi ya famasi ya bei ndogo ikibandikwa kufuata urefu wa mstari inasaidia kupunguza mvuto wa ngozi, na hiyo wengi wanaweza. Ila sio kwa keloidi iliyokwisha simama.

Sanskrini niliidharau. Nilijua ni ya wazungu. Kumbe jua ndo linashikilia ule weusi wa kovu usiondoke, na sisi huku ikweta iko palepale Kayabwe njia ya Masaka, alafu Kampala iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mawingu hayazuii. Alinitaka ya SPF (kipimo cha kukinga jua) 30 au zaidi, yenye rangi ya kahawia, kwa sababu ile rangi inatokana na madini ya chuma na inazuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi unaongeza madoa. Zile nyeupe zilikuwa zinaniacha kama nimepakwa majivu, hii ya kahawia inakaa kama poda. Nilikuwa nanunua 45,000, nimemaliza 8. Weusi wa pembeni uliotokana na asidi umepungua zaidi kwa hii na krimu ya asidi ya azelaiki aliyoniandikia kuliko kwa kitu kingine chochote.

Niliuliza na leza, na niliuliza kukata. Leza akasema sio sasa, na nikija kuamua siku moja niulize mashine ni ya aina gani, maana sio kila leza inafaa ngozi yetu, nyingine inashika rangi ya ngozi yenyewe inaunguza, afadhali ile ya Nd:YAG ya mawimbi marefu. Kukata alikataa kabisa, keloidi ukiikata peke yake bila kuifuatilia na sindano au mionzi mara nyingi inarudi na inaweza kurudi kubwa kuliko iliyokuwepo. Nikafikiria donge la mama, kuna mtu Tanga aliwahi kutaka kulikata kwa wembe akiwa mdogo, bibi akamfukuza nyumbani. Bibi hakusoma ata darasa moja.

Pesa kwa jumla. Kumuona 70,000, sindano 5 kila moja 120,000 pamoja na kuonwa, plasta 4, jeli 2 za 90,000, sanskrini 8. Imefika milioni 1 na laki 5 na kidogo kwa miezi 14, krimu ya azelaiki sijahesabu. Ni nyingi. Niliilipa kidogokidogo, kila mwezi natenga ya vitenge viwili. Na yote hii ni ya kurekebisha kitu kilichoharibiwa kwa dakika 40.

Mkitaka kwenda kwa mtu, ulizeni kama amesajiliwa na baraza la madaktari, UMDPC, kila daktari anatakiwa awe na leseni ya mwaka huo, sio aibu kuuliza, wangu nilimuuliza akanionyesha ukutani akatabasamu. Vyeti vya spa ile nilikuja kuviona kwenye picha niliyojipiga pale siku ile, vilikuwa vya kusuka, meikapu na kucha. Yule binti namfikiria mara nyingi. Hakuwa mtu mbaya, alinishika mkono nilipolia. Alipewa kalamu ya sindano na kichupa akaambiwa fanya, na kesho yake akamfanyia mwingine.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mdogo wangu, mtoto wake anatimiza mwaka, tukapiga picha, nikasahau kugeuza uso. Nimeiona baadae kwenye simu, nimecheka, taya yote inaonekana, na mstari upo, wa rangi ya chai ya maziwa, umelala.

Ile ncha ya karibu na sikio bado ngumu kidogo kuliko kwingine, naigusa kila asubuhi. Tarehe 14 mwezi ujao narudi kuipima kwa rula. Ikiwa imesogea ntaongezwa sindano moja hapo tu, na ntakuja kuongeza hapa ilivyokuwa.